Kizimba Kilichosimama Njiani

Mwansabe, 4 Machi 2002

Dada Nkandu,

Salamu zako za Krismasi zilifika Februari, posta ikijitahidi. Sisi hatujambo, isipokuwa upepo umeng'oa bati la jikoni na Mama Lubuto anapika huku amejitanda mfuko wa mbolea. Lubuto yuko darasa la saba na ameanza kujifanya hajui vyombo vinaoshwaje.

Wenye mgodi wapya wamefika. Walitukusanya uwanjani, wakatupa kila mtu kofia na soda, wakasema sisi sote ni familia moja. Baada ya hapo wakaanza kuipunguza familia. Kwenye mashine yetu ya kushusha na kupandisha kizimba tulikuwa waendeshaji wanne, tumebaki wawili, mimi na Mwape Kabaso. Mmoja anashika mchana, mwingine usiku, na wiki ikiisha tunabadilishana. Zamani watu walipokuwa ndani ya kizimba, waendeshaji walikaa wawili: mmoja ameshika breki, mwenzake anamtazama asije akapatwa na jambo. Sasa ni mtu mmoja na kiti chake. Unaijua kazi yenyewe. Wale walio shimoni hawanioni nami siwaoni, tunaongea kwa kengele tu. Kengele ikilia, roho za watu ziko mkononi mwangu hadi watakapoliona jua.

Mwape ni mtani wetu sisi Mamba, mtu wa ukoo wa Samaki. Siku walipotangaza majina ya wanaobaki, alinishika bega akasema, "Wewe Mamba umeniponza. Wazungu wameona umenona, wakadhani mashine hii inalisha." Nikamwambia asijali, njaa ikizidi nitamla yeye.

Nina ombi. Kuna rafiki yangu hapa kazini, jina lake nitaliacha kwa sababu barua hupita mikono mingi. Kisogo kinamuuma kana kwamba kimefungwa waya. Masikio yanavuma. Akiinuka ghafla anaona giza. Je, ni dawa gani, na unaweza kumtumia kwa mtu wa basi?

Mimi mdogo wako,
Chisenga


Samfya, 19 Machi 2002

Mdogo wangu Chisenga,

Nimefurahi kusikia mko salama. Bati lifungeni kwa misumari yenye kofia pana, msitumie ile ya kuokoteza.

Sasa sikiliza. Mwambie rafiki yako kwamba hiyo inaonekana ni presha, na dawa ya presha si peremende ya kutuma kwa kondakta. Nikimpa kidonge bila kumpima naweza kumwangusha kabla ugonjwa haujamwangusha. Aende hospitali ya mgodi, akae kitako, avute pumzi, wamfunge ule mkanda mkononi. Ni jambo dogo, haliumi. Apunguze chumvi, na kama ni mtu wa bia aipumzishe. Zaidi ya yote alale. Mwili wa binadamu hauna spea.

Marehemu Baba naye alikuwa na rafiki wa namna hiyo. Unakumbuka? Alikuwa akija kwangu nikiwa bado mwanafunzi wa uuguzi: "Mwanangu, kuna bwana mmoja kule kwetu, kichwa kinamsumbua." Nikawa nampa ushauri wa yule bwana. Bwana mwenyewe tulimwokota shambani kwenye muhogo, mdomo umekwenda upande.

Basi mpe rafiki yako salamu zangu nyingi sana.

Hapa tuko wauguzi wawili tu na kipindupindu kimeanza tena visiwani. Nitaandika zaidi kikitulia.

Dada yako,
Nkandu


Mwansabe, 2 Aprili 2002

Dada Nkandu,

Umenichekesha na habari za Baba. Baba alikuwa Baba.

Huyu rafiki hawezi kwenda hospitali ya mgodi, na sababu ni hii. Ukipimwa pale, karatasi inakwenda kwa meneja kabla hujafunga kifungo cha shati. Mwenye presha haruhusiwi kushika watu. Ataondolewa, na siku hizi akiondolewa mtu hapelekwi kazi nyepesi, anapelekwa nyumbani. Walioachishwa mwezi wa kwanza utawaona sokoni wameketi mbele ya nyanya, hawajui hata kumwita mteja.

Juzi pua ilimtoka damu akiwa kazini. Aliipangusa kwa glovu akaendelea. Anasema akifika nyumbani bado anasikia kengele. Kanisani padri alipogonga ile ya madhabahuni, mkono wake ulivuta breki isiyokuwepo. Mwenyewe anacheka akisimulia.

Nilimwambia hayo ya chumvi. Akajibu, "Mwambie nesi wako presha yangu haitokani na chumvi. Aje aonje."

Kama huwezi kutuma vidonge, andika tu jina la dawa kwenye karatasi. Atatafuta mwenyewe ng'ambo ya mpaka, Kongo wanauza kila kitu.

Mimi,
Chisenga


Mwansabe, 9 Aprili 2002

Wifi yangu mpendwa,

Shikamoo. Usishtuke kuona mwandiko wangu, hakuna msiba. Mdogo wako hajui kama nakuandikia, nimempa Lubuto apeleke posta.

Wifi, huyu mtu halali. Akitoka zamu anaoga, anakula tonge mbili, anajilaza akitazama dari. Nikimgusa anasema, "Niache, nasikiliza." Anasikiliza nini? Nyumba kimya. Akisinzia mikono inaanza kuvuta. Wiki iliyopita alivuta shuka hadi ikachanika, nyingine aligonga ukuta akachubuka. Watoto wakicheka kwa sauti anawafokea, halafu anatoka nje kwa kuona haya. Yeye aliyekuwa akiimba bafuni, jirani wanampigia makofi!

Nikimwambia aende hospitali anasema, "Unataka tukauze nyanya?"

Naye Mwape akija hapa hawataniani tena kama zamani. Wanakaa kwenye gogo pale nje, wanakunywa munkoyo wangu wa mahindi, kila mmoja anaangalia saa ya mwenzake.

Wewe ndiye pekee anayekusikiliza. Mimi nimefika mwisho wa akili yangu. Fanya unaloweza, na usimwambie nimesema.

Wifi yako,
Mama Lubuto


Samfya, 20 Aprili 2002

Kwa Daktari Mkuu,
Hospitali ya Mgodi,
Mwansabe

Mheshimiwa,

Mimi ni muuguzi mkunga daraja la kwanza. Nakuandikia kuhusu mwendeshaji wa mashine ya kizimba, Bwana Chisenga Katongo, ambaye ni mdogo wangu.

Kwa maelezo niliyopata, ana maumivu ya kisogo, mvumo masikioni, giza machoni, na ametokwa damu puani akiwa kazini. Hapati usingizi. Baba yetu alifariki kwa kiharusi. Mwenyewe hatakuja kupimwa kwa kuhofia kazi yake.

Naomba aitwe apimwe kama katika ukaguzi wa kawaida, na jina langu lisitajwe.

Wako katika kazi,
Nkandu Katongo


Mwansabe, 8 Mei 2002

Dada Nkandu,

Nimeondolewa kwenye mashine.

Niliitwa hospitali, nikaambiwa ni ukaguzi wa kawaida. Nikauliza, mbona tuko wawili na nimeitwa mimi tu? Daktari Simfukwe akasema zamu ya mwenzako itakuja. Akanifunga mkanda, akaupuliza, akautazama, akaufungua, akanifunga mkono wa pili. Kisha akaniuliza, "Ulikuja kwa miguu?" Nikasema ndiyo. "Peke yako?" Nikasema mbona unaniuliza kama mtoto? Akasema, "Kwa namba hii, mtu mzima hatembei peke yake."

Dada, sikuwa najua. Kweli kichwa kiliniuma siku mbili tatu, nani hakimuumi? Nilidhani ni uchovu. Kumbe presha yangu ilikuwa imenipita urefu.

Karatasi ilikwenda kwa meneja wa shimo, Bwana Siame. Siku hiyo hiyo nikanyang'anywa ufunguo wa chumba cha mashine. Nakaa nyumbani nusu mshahara hadi watakapoamua. Natengeneza banda la kuku.

Kuna mtu aliniuza, na ninamjua. Ni Mwape. Hakuna mwingine aliyekuwa akiniona kila siku. Tena yeye ndiye yule rafiki niliyekuwa nakuulizia dawa. Ndiyo, ni Mwape, sasa naweza kumtaja maana urafiki umeisha. Yeye mwenye damu puani yuko kitini, mimi niliyekuwa nikimfichia ndiye niliyeitwa. Nilimfuata chumba cha kubadilishia nguo nikamuuliza mbele ya watu.

Akasema, "Mamba, umelewa?"

Nikamwambia, "Umekula mwenzako ili ubaki peke yako na malipo ya saa za ziada."

Akanitazama. Nilitegemea atanitukana, sisi ni watani, tungemalizia hapo. Akasema tu, "Saa za ziada nani anazitaka?" akavaa buti zake.

Sasa anashika mashine peke yake. Zamu ya usiku wameisimamisha, lakini mchana wameurefusha pande zote mbili: anashusha watu alfajiri, anavuta mawe mchana kutwa, anapandisha watu jioni. Nilimpita jana dukani. Sikumsalimu.

Daktari kanipa vidonge vyeupe na vidogo vya njano. Vinanipeleka chooni kama mzee.

Chisenga


Samfya, 22 Mei 2002

Chisenga,

Barua yako ya tarehe nane nimeipata leo. Simu ya boma imekufa tangu mvua, ningepiga.

Mwape hakukuuza. Ni mimi niliyemwandikia daktari. Uliponiandikia habari za rafiki, nilimwona Baba, nikadhani rafiki ni wewe. Sikukuuliza waziwazi kwa sababu nilijua ungekana. Nilikuwa na hakika kabisa.

Nenda kwa Mwape leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Mwombe radhi, kisha mchukue kwa mkono mpaka kwa Simfukwe. Akikataa, nenda kwa Simfukwe wewe mwenyewe, usiogope kuitwa mchongezi, mwambie nimekutuma. Leo pia nimemwandikia daktari kuhusu Mwape, lakini barua si basi la moja kwa moja. Damu puani ni mlango wa mwisho. Mtu wa namna hiyo hafai kukaa kwenye kiti kile hata kwa safari moja, sembuse peke yake.

Wewe vidonge usiache, hata ukijiona mzima. Hasa ukijiona mzima.

Utanikasirikia baadaye. Kwanza nenda.

Nkandu


Mwansabe, 26 Mei 2002

Dada Nkandu,

Tumemzika Mwape jana.

Nakueleza kama ilivyokuwa, maana hapa kila mtu ana hadithi yake.

Jumatano jioni nilikuwa nyuma ya nyumba na banda langu la kuku. Gari la mgodi likaja kwa kasi, likapita juu ya matuta ya viazi ya Mama Lubuto. Akashuka Bwana Siame mwenyewe, tai imerukia begani.

"Chisenga, twende."

Nikasema, "Wapi? Mimi mgonjwa. Mmeandika nyinyi."

"Kizimba kimesimama njiani, watu wamo."

"Mwape yuko wapi?"

Akanifungulia mlango. Nikapanda garini na ndala zangu.

Wale walioshuka alfajiri walikuwa wakipandishwa. Kizimba kilifika katikati ya shimo kikasimama. Haikuwa kwa kishindo, walisema baadaye, kilisimama kama basi kituoni. Mpiga kengele akapiga, kimya. Akapiga tena na tena. Unajua mlango wa chumba cha mashine una kibao kinachokataza mtu kuingia wala kumsemesha mwendeshaji. Basi wakakiheshimu kibao. Waliokuwa chini wakaanza kugonga mabati na kutukana. Mpaka mtu mmoja alipochungulia dirishani.

Nilimkuta kitini, kichwa kimeegemea upande kama anayesikiliza jambo. Mkono wa kushoto ulikuwa umelegea pajani. Wa kulia uko kwenye breki, na breki imevutwa hadi mwisho. Walikuwa wamesimama kumzunguka, askari, karani, hata daktari, hakuna aliyethubutu kumgusa. Walidhani ule mkono ndio unaowashikilia watu kule chini, kwamba wakiuondoa kizimba kitaanguka.

Niliufungua mimi, kidole kimoja kimoja. Tukamlaza sakafuni, nikamwekea koti lake chini ya kichwa. Halafu nikakaa. Kiti kilikuwa bado na joto. Nikajibu kengele, nikaachia breki pole pole, nikawapandisha. Yeye alikuwa miguuni pangu. Daktari Simfukwe, aliyekuwa ameandika kwamba sifai, alisimama nyuma yangu. Nilisikia anavyopumua.

Wakatoka. Jua la jioni liliwachoma macho, na hasira walikuwa nazo tele. "Wewe Mwape, ulikwenda kunywa chai?" "Leo utanijua!" Musonda yule mnene wa kulipua miamba alikuja mbio na koleo mkononi, akasukuma mlango kwa teke. Akaona. Koleo akaishusha taratibu ukutani, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Nyuma yake bado walikuwa wakitukana, kisha wa mbele wakanyamaza, wa kati wakanyamaza, na wa mwisho kabisa alibaki anatukana peke yake hadi akajisikia.

Ni kiharusi. Daktari anasema kilipompata alikuwa na dakika ndogo sana ya kujua, na dakika hiyo aliitumia kuvuta breki. Hakuita mtu. Lakini angemwita nani?

Mazishini mimi ndiye mtani, kwa hiyo kaburi nililichimba na wenzangu, na maneno ya utani yalikuwa juu yangu. Walinisukuma mbele. Nikasema, "Ona Samaki huyu mvivu! Wenzake hufia majini, yeye kafia kitini!" Watu wakacheka. Mama Chola mjane wake naye akacheka, akiwa ameshikwa kwapa pande zote mbili. Akanijibu kama inavyotakiwa, "Na wewe Mamba ulikuwa wapi? Ulikuwa unajenga banda la kuku!" Wakacheka zaidi. Nilitakiwa kuendelea. Nikarudi nyuma. Wakaingia watani wengine wakanisaidia.

Nilijua anaumwa, dada. Nilijua kuliko mtu yeyote, nikampita dukani.

Wakati wa kutupia udongo nilimwambia kimoyomoyo: Mwape, uliniuza, lakini nimekusamehe. Nilipolisema hilo nikapata nafuu kidogo.

Mimi mdogo wako,
Chisenga


Mwansabe, 1 Juni 2002

Wifi,

Barua yako ya tarehe ishirini na mbili imefika jana. Niliipokea mimi. Mwandiko wa bahasha ulikuwa umekimbia, nikajua kuna neno ndani. Nilikaa nayo kwenye khanga mpaka akala, ndipo nikampa.

Aliisoma amesimama. Akaisoma tena amekaa. Nikamuuliza, "Wifi anasemaje?" Akasema, "Anasema nisiache vidonge." Akaikunja, akaitia mfukoni, akachukua shoka akaenda kupasua kuni. Tuna kuni za mwaka mzima, Wifi. Alipasua mpaka za jirani.

Barua ikabaki kwenye shati, nami ndiye nafua. Nimeisoma.

Siwezi kukulaumu, maana niliyekuambia ufanye unaloweza ni mimi. Sikuwa na habari kama kuna rafiki kweli. Hakunieleza kitu, nami sikukueleza yote, nawe hukuuliza. Sasa tumekaa hivyo.

Mama Chola nimempelekea unga na dagaa. Anakula vizuri. Inanitisha anavyokula.

Mama Lubuto


Samfya, 20 Juni 2002

Mdogo wangu,

Hii ni ya pili bila jibu. Sitaki kukulazimisha.

Daktari Simfukwe ameijibu ile barua yangu kuhusu Mwape. Anashukuru kwa taarifa na kusema mhusika hayumo tena katika orodha ya wafanyakazi.

Niambie tu kama unapima presha kila wiki. Niandikie namba peke yake, bila salamu. Nitaridhika.

Nkandu


Mwansabe, 17 Julai 2002

Dada,

Presha imeshuka. Haijafika pazuri lakini inashuka.

Sikukuandikia kwa sababu kila nilipoanza, mkono uliandika jambo ambalo lisingefutika. Sasa naweza.

Baada ya matanga Bwana Siame alikuja nyumbani. Safari hii aliegesha gari mbali na viazi. Akaketi kwenye lile gogo, akapewa munkoyo, akausifu. Kisha akasema, "Chisenga, kampuni inakuhitaji. Kwa muda tu, mpaka tupate watu."

Nikamwambia, "Mimi nina presha."

"Imeshuka."

"Nani kaipima?"

"Itapimwa. Daktari ataandika."

"Ataandika kabla ya kupima au baada?"

Akacheka kidogo, akaangalia saa. Akasema watu wako getini wanataka kazi, siku kizimba kisipotembea hawalipwi, na mimi ndiye ninayewazuia. Alilisema vizuri, bila ukali. Mama Lubuto alikuwa mlangoni na mwiko.

Nikaenda naye. Si kwamba nilikubali. Nilitaka niwaambie wenyewe kwa mdomo wangu.

Walikuwa wamejaa pale mbele ya shimo, na taa zao kichwani. Musonda akapaza sauti, "Mamba kaja! Leo tunashuka!" Nikapanda kwenye ngazi ya chumba cha mashine, nikageuka. Mimi si msemaji, unanijua. Nikawaambia, "Siku ile niliwapandisha kwa sababu mlikuwa chini. Mtu aliye chini lazima apandishwe, hata na mgonjwa, hata na kipofu. Leo mko juu. Sitawashusha. Mikono hii daktari kaikataa, na aliyekuwa akiitazama mikono yangu mmemzika. Wakija wawili wazima wakae pale, shukeni. Akikaa mmoja, awe mimi, awe malaika, mjue mnashikwa na mkono wa maiti."

Nilidhani watanipiga. Wengine walitaka, watoto wao hawajala. Mmoja akasema, "Huyu keshaondolewa kwenye mashine, hana cha kupoteza." Lakini Musonda alivua kofia ya chuma akaikalia. Halafu waliokuwa naye kwenye kile kizimba siku ile, mmoja mmoja, wakakalia zao. Wengine wakabaki wamesimama, baadaye jua lilipopanda nao wakakaa. Hakuna aliyeimba. Walikaa hivyo, kesho yake wakaja wakakaa tena.

Kampuni haikutangaza lolote. Wiki ile ile wakamfuata sokoni Kapotwe, mmoja wa waendeshaji wetu walioachishwa, akaziacha nyanya zake, na wakaleta wengine watatu kutoka mgodi mwingine. Watu wakiwa kizimbani, wanakaa wawili kitini kama zamani. Mimi wamenipa chumba cha taa. Nawapa watu taa asubuhi, jioni nazipokea nazipanga kwenye chaji. Mshahara umepungua. Nalala. Mama Lubuto anasema mikono imetulia, shuka inadumu.

Sasa ya kwetu.

Nimeihesabu hesabu hii kila namna, haitoki sawa. Nilikuandikia habari za mtu mwingine, ukanisikia mimi. Ukafanya la kumwokoa yule uliyemsikia, naye ameokoka: Simfukwe ananiambia wazi kwamba ningebaki kitini hadi mwisho wa mwezi wa tano, aliyelazwa sakafuni angekuwa mimi. Kwa hiyo nakudai shukrani, ila sijui niipeleke wapi. Nikiishika tu, namwona Mwape anavaa buti.

Nilimsamehe mtu ambaye hakunikosea. Na ya kwangu mimi kumwomba radhi, nimekwenda nayo makaburini mara mbili nikarudi nayo. Udongo hauna masikio, haidhuru watu wanasema nini.

Mama Chola huja hapa Jumapili baada ya misa. Kazini maneno hayafichiki. Amesikia kwamba kuna mtu aliandika barua, ndipo mumewe akabaki peke yake. Hana hasira. Anauliza tu, huku akichambua mboga na mke wangu: "Hivi ni nani? Ningependa kumwona uso." Mama Lubuto anainama kwenye sufuria. Mimi natoka nje.

Sijamwambia. Si langu kulisema, na si la kuandikwa. Sisi watu wa familia hii tumeandikiana vya kutosha, kila mmoja akifunika upande wake wa karatasi.

Basi la kutoka Samfya huondoka kila Ijumaa. Omba ruhusa, waambie kuna msiba, hutakuwa umedanganya. Nitakungoja stendi, kisha nitakusindikiza mpaka mlangoni kwa Mama Chola. Kuingia utaingia wewe.

Barua hii usiijibu. Njoo.

Chisenga